Usiweke Nadhiri kwa Ajili Yangu

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Nimeanza na marahaba kwa sababu najua ukiikunjua tu karatasi hii utasema shikamoo baba, hata kama umekaa peke yako chumbani. Ndivyo ulivyo. Hapa kambini sijambo. Mgongo ndio unaonisema, lakini huo na mimi tumeshazoeana.

Barua hii anakuletea Nassoro, dereva wa gari letu la maji, anayekwenda likizo kwao Sudi. Ataondoka hapa Tingi, Kilwa, baada ya alasiri, kwa hiyo naandika nimekaa juu ya mifuko ya saruji na mikono sijaiosha vizuri. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke. Shule niliiacha darasa la tano, unajua. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya mama yako naijua: akipokea tu anaweka sauti ya nje, na jirani naye anasogeza kigoda. Haya ninayotaka kukwambia hayataki vigoda.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya kuangalia mkoba ndani ya basi, mama yako atakuwa ameshakwambia mpaka umechoka. Huko Mbeya kuna baridi, na lile shuka zito atakuwa amelifunga na wewe umelifungua na yeye amelifunga tena. Mimi sina cha kuongeza hapo. Ningekuwepo ningekubebea begi mpaka kituoni, basi. Lakini kesho tunamwaga zege la nguzo ya daraja, na siku ya zege hakuna anayepewa ruhusa.

Nakuandikia kwa ajili ya dua ya kesho asubuhi.

Jana Mzee Mfaume alinipigia simu. Huyu mwenyekiti wa msikiti wetu, tangu ukiwa mtoto wa shule ya msingi hajawahi kulitaja jina langu, na nikija Sudi kuwaona huwa anaitikia salamu yangu huku anatazama ukuta. Jana akasema, "Ndugu yangu Selemani." Nilidhani amekosea namba.

"Kesho kutwa baada ya swala ya alfajiri tunamsomea dua binti yetu," akasema. "Anakwenda kusomea uinjinia, si jambo dogo. Kamati imekaa, imeonelea asimame mbele ya watu aweke nadhiri, kama alivyosimama Twaha enzi zile. Akimaliza masomo arudi atujengee msikiti, na madrasa ghorofani. Wewe baba yake unasemaje?"

Nikamuuliza, "Mtoto wa kike, Mzee?"

"Wa kiume wote wanakaanga chipsi Dar," akasema. "Mungu katupa huyu, tumrudishe?"

Tukacheka. Somoe, sikuwa nimecheka na mtu wa Sudi kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, "Na wewe rudi nyumbani sasa. Tumekosana vya kutosha. Ukifa huko maporini atakuosha nani?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, insha'Allah, Mzee, atasimama. Nilipokata simu wenzangu wakaniuliza nimeokota nini, kwa sababu nilikuwa natabasamu peke yangu na ndoo kichwani.

Sikukuuliza wewe. Wala sikukukumbuka, nikisema kweli. Nilikumbuka mlango wa nyumba yangu, na kukaa barazani watu wakipita wananisalimu kwa jina. Usiku sikupata usingizi mzuri, na leo tangu asubuhi kila nondo ninayofunga naiona sura ya Injinia Twaha.

Wewe hadithi yake unaijua nusu. Ulimjua alipokwisha kuzeeka, ulipokuwa unakwenda likizo kwake Rasbura akufundishe hesabu, mzee mpole anayekohoa, mwenye penseli nyuma ya sikio. Nusu nyingine nilikuwa nakuficha, si kwa ubaya, ila sikuona faida ya mtoto kuchukia kijiji anachokulia. Leo nakupa, kwa sababu kesho wanataka usimame palepale aliposimama yeye.

Mimi na Twaha tulisoma chuo kimoja cha Qur'ani. Yeye akiambiwa mara moja ameshika, mimi nikiambiwa mara moja nimeshasahau. Alipopata nafasi ya kwenda kusomea uinjinia, wa kwanza kijijini kwetu, wazee walimwita msikitini wakamsomea dua. Ulikuwa msikiti wa zamani, wa udongo na miti, mvua ikinyesha tunaswali tumebanana upande mmoja. Dua ilipokwisha, Mzee Mfaume, wakati huo kijana mwenye sauti, akamwambia, "Twaha, tuambie neno la kubaki nalo." Akasimama. Akasema, "Naweka nadhiri mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu. Nikirudi na elimu hii nitawajengea msikiti wa zege, na watoto watasoma ghorofani." Watu walilia. Mimi pia nililia, nikajiona kama vile na mimi nimeahidi kitu kikubwa. Nilikuwa sijaahidi chochote.

Na alirudi. Alipata kazi ya serikali Lindi, barabara na madaraja, akajenga nyumba yake Rasbura, na kila Alhamisi jioni alikuja Sudi na ramani zake ndani ya bomba la plastiki. Mtu yule alikuwa anajenga kama anavyoswali. Hagusi saruji bila udhu. Siku ya kumwaga zege, ambalo ukilianza hulikatizi, adhana ikitoka alitugawa mafungu mawili, fungu moja liende kuswali na jingine lishike koleo, halafu tubadilishane. Yeye aliswali wa mwisho kabisa, peke yake, pembeni ya rundo la kokoto. Hakuwahi kumuuliza mtu kwa nini hukuja kuswali. Alikuwa anakuachia nafasi tu, ukiona haya unakwenda mwenyewe. Alitufundisha vibarua kusoma ramani. Mimi alinifundisha kwa kijiti mchangani, kwa sababu nilikuwa naogopa karatasi.

Lakini alikuwa na kitu kimoja, hawezi kumwambia mtu wa kwao hapana. Ukimwona unadhani ni wema tupu. Nilidhani hivyo kwa miaka.

Kwetu asiye na kitu hutoa mchanga. Hilo unalijua, umeliona kwenye darasa la shule na kwenye kisima. Maji yakitoka kinamama wanashuka pwani, kila mmoja na beseni lake, wanapanda wakiimba mpaka penye ujenzi. Mwenye saruji anatoa saruji, mwenye samaki anawapikia mafundi, na mchanga kila mtu anao. Bibi yako, huyo uliyepewa jina lake, alibeba mchanga wa msikiti ule kuliko mwanamke yeyote. Alikuwa mjane, miguu imevimba, na kila beseni alilomwaga alilitaja: hili la baba yangu, hili la mume wangu, hili la mwanangu aliyekufa mchanga. Na wenzake wakafuata. Lile rundo lilikuwa limejaa majina ya marehemu wa Sudi wote. Kwao ilikuwa sadaka ile ambayo mtu analipwa nayo hata akiwa kaburini, maadamu watu wanaswali juu yake.

Twaha akaja, akachota kidogo, akaweka ulimini.

"Injinia!" bibi yako akapiga kelele. "Umekuwa mbuzi? Unalamba mchanga?"

Kinamama wakaangua kicheko.

"Una chumvi, mama," akasema.

"Na wewe umekulia chumvi hiyohiyo, mbona hujaoza?"

Akacheka naye. Mpaka leo naona ule mkono wake ukifuta ulimi kwa kitambaa, anacheka, na macho hayacheki. Jioni alituambia sisi vibarua kwamba chumvi ya bahari ikiingia kwenye zege inakula nondo ndani kwa ndani, miaka inapita huoni kitu, halafu siku moja unaona. Akasema mchanga wa sadaka utajazia sakafu, ambako hakuna nondo. Wa slabu, lile dari la zege la juu, ataleta kwa lori kutoka mtoni, bara. Hakuwaambia kinamama. Alisema atawaambia kwa upole siku nyingine.

Siku ya slabu ikafika, na masika nayo ikafika. Ramadhani ilikuwa karibu, naye alikuwa ameshawaambia watu kwamba tarawehe wataswali ndani ya msikiti mpya. Kijiji kizima kilikuja tangu asubuhi. Masufuria ya ubwabwa yako motoni, mbao zimefungwa, nondo zimelala, koleo mikononi. Lori limekwama njiani kwenye matope. Tukangoja. Adhuhuri ikapita. Watu wakaanza kuulizana, mchanga si huu hapa?

Mzee Mfaume akamwendea. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Injinia, kwani tunangoja nini?"

"Mchanga wa mtoni, Mzee."

"Huu wa mama zetu hautoshi?"

"Unatosha. Tatizo lake ni chumvi."

"Umeukubali miezi yote hii. Umewaacha vikongwe wanapanda mlima na mabeseni. Leo ndiyo una chumvi?" Halafu akashusha sauti. "Twaha, uliweka nadhiri. Sisi hatukukulazimisha."

Akaenda nyuma ya ukuta, akaswali rakaa mbili. Alipotoka hakumtazama mtu. Akasema, "Changanyeni." Mimi ndiye niliyetia koleo la kwanza. Bibi yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Tarawehe ziliswaliwa mle, na kwa miaka mingi ulikuwa msikiti mzuri kuliko wote pwani ile. Bibi yako alifariki akijua mchanga wake uko juu ya vichwa vya watu wanaosujudu. Ghorofa ya madrasa Twaha hakuipandisha. Kila mwaka alitoa sababu. Alikuwa anaitazama ile slabu kila Ijumaa, wewe ungedhani anaomba dua.

Ikaanza na madoa ya kahawia. Halafu nyufa. Halafu siku moja watoto wanasoma juzuu, kipande kikabanduka kikamwangukia binamu yako Jumbe begani, mtoto wa shangazi yako Zuhura. Alivunjika mfupa wa bega. Ijumaa iliyofuata Twaha alisimama baada ya swala, akasema mtu asiingie tena chini ya slabu ile, inabidi ivunjwe. Akasema chumvi aliijua tangu siku ya kwanza na kosa ni lake, si la aliyebeba mchanga.

Nilidhani watamkasirikia kwa kosa lake. Lakini kosa lile walimsamehe palepale. Walichokataa ni kuvunja. Shangazi yako alisimama upande wa wanawake, mkono wa mwanawe bado umefungwa kitambaa, akasema, "Mwanangu atapona. Mama yangu ameshakufa. Thawabu zake unataka ukazipige nyundo?"

Pale na mimi nikasimama. Nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Mnawapenda maiti kuliko watoto wenu!"

Somoe, nilikuwa na haki. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na bado naona nilikuwa na haki. Lakini niliisema haki ile kwa namna ambayo hakuna mtu mwenye mama angeweza kuipokea. Dada yangu alikuwa anamlilia mama yetu, mama yangu mimi vilevile, nikamtupia neno kama jiwe. Tangu siku ile hajasema na mimi. Kama ningekaa karibu naye jioni ile, nikamwambia Zuhura na mimi naumia, sijui. Pengine isingesaidia. Lakini sikujaribu. Nilikuwa nimefurahi kuwa mtu mwenye haki.

Twaha aliwasubiri. Alisimamisha mirunda kuishikilia slabu, watu wakaing'oa. Akaisimamisha tena. Mwisho alikuja siku ya kazi, watu wengi wako mashambani kwenye mikorosho, na nyundo kubwa na mtaimbo. Akasimama mlangoni akauliza, "Nani ana udhu aje tuvunje?" Nilikwenda mimi tu. Tulianza pembeni, tukawa tunaswali na kuvunja. Nondo zilizotoka zilikuwa zimeliwa mpaka zimekuwa nyembamba kama njiti za mnazi, unakunja kwa mkono. Nilimwonyesha mmoja wa waliosimama kutazama. Akaniambia, "Na hiyo uliyoshika ni mama yako." Nilikuwa naifikiria hivyohivyo mwenyewe.

Kifusi Twaha alikataa kitupwe. Tulikibeba kwa toroli mpaka njia ya kisimani, pale penye tope ambapo kinamama huteleza na ndoo, tukakishindilia vizuri. Akawaambia watu kwamba kila mwenye kwenda kuchota maji atapita juu ya sadaka ya mama zao, na hakuna kilichopotea. Wengine walielewa. Wengine waliendelea kupita pembeni, ndani ya tope, na ndoo kichwani, ili wasiikanyage. Nimewaona kwa macho yangu. Shangazi yako ni mmoja wao.

Hakuna aliyetufukuza. Ila nikienda kwenye ujenzi naambiwa vibarua wametosha. Nikitoa salamu barazani inajibiwa nusu. Nikawa nafuata kazi za Twaha huko na huko, mpaka nikazoea kulala kambini, ninyi mkakua mimi nikija na kuondoka. Hii ndiyo sababu, na si kwamba Kilwa kuna kazi nzuri kama nilivyokuwa nawaambia.

Yeye aliendelea kujenga. Hapa Tingi aliwajengea kalavati, kila masika walikuwa wanakatikiwa na njia, wagonjwa wanabebwa kwa machela ndani ya maji. Aliomba kwa wakubwa, akachora mwenyewe, akasimamia mwenyewe siku zake za mapumziko. Na kinamama wa hapa nao walipoleta mchanga wa pwani aliupokea kwa mikono miwili, akawaambia huu utakwenda kwenye kifusi cha barabara, na wa zege ni wa mtoni, mbele ya kila mtu, kabla hata shimo halijachimbwa. Mwanamke mmoja alinuna. Akamwacha anune. Nilimwambia, "Injinia, siku hizi umeweza." Akasema, "Hawa sikuwaahidi kitu."

Mwaka jana alipokuwa anaumwa nilikwenda Rasbura kumuuguza. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Alikuwa na jambo moja tu linalomsumbua, ile nadhiri. Alikuwa ameshawauliza masheikh, mmoja akamwambia umeitimiza, mwingine akamwambia hujaitimiza, akafunga saumu za kafara, na bado. Aliniuliza, "Selemani, msikiti niliujenga, nikauvunja. Mungu ataniandikia lipi?" Mimi wa darasa la tano nitamjibu nini? Nikampa maji.

Alipokunywa akasema, "Nilimuahidi Mungu nikiwa nawatazama watu. Basi maisha yangu yote nikawa nadhani wao ndio wenye kunidai." Akalala kidogo. Alipoamka akaniuliza kama umefanya vizuri mtihani wa hesabu.

Kwenye maziko yake walikuja watu wa Tingi lori zima. Kutoka Sudi alikuja Jumbe, yule wa bega, peke yake, na hakuaga kwao.

Sasa unaona kwa nini sikulala. Jana Mzee Mfaume alinipa nyumba yangu, na bei yake ikawa wewe. Na jambo jingine nikwambie, kwa sababu leo nimeamua kusema. Tangu ulipoanza kufaulu, kila matokeo yalipotoka, nilikuwa nawafikiria watu wa Sudi kwanza. Nilikuwa nasema moyoni, sasa wataona. Nilikupenda, hilo usilitilie shaka hata siku moja, lakini nilikusomesha na jicho moja liko kwenye baraza lao. Mtoto anaubeba mzigo kama huo hata bila kuambiwa. Ndiyo maana ulipopata ile alama mbaya ya fizikia ulijificha kwa Twaha, hukunijia mimi.

Nimeacha kalamu hapa nikaenda kumpigia simu Mzee Mfaume. Nimerudi. Nakuandikia yalivyokuwa, maana kesho utayasikia kwa midomo mingine.

Nikamwambia, "Mzee, lile neno la jana naomba niliondoe."

"Neno gani?"

"La nadhiri ya Somoe."

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Selemani, watu wameshaambiwa. Mchele umeshapimwa."

"Dua someni, na ubwabwa uleni, Mungu awalipe. Nadhiri muache."

"Hatumlazimishi. Tunamwomba tu."

"Mzee, umemsimamisha msichana mbele ya kijiji kizima, basi linamngoja, mama yake analia, halafu unamwomba. Atasema nini?"

"Twaha tulimwomba hivyohivyo."

"Ndiyo, Mzee. Hivyohivyo."

Sikutegemea kwamba atakachosema baada ya hapo kitaniumiza, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema, "Mimi nazeeka, Selemani. Tunaswali chini ya bati, mvua ikinyesha imamu hasikiki. Nataka nife nimeuona. Mama yangu naye alibeba mchanga ule, unadhani ni wako peke yako?" Nikamwambia nalijua hilo. Akasema, "Nilishawaambia wenzangu unarudi. Nitawaambia nini?" Nikasema waambie nimeondoa neno langu. Akasema, "Basi kaa hukohuko." Alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Sikumshinda, Somoe, na si mtu mbaya. Usiende kesho na uso wa kumchukia. Msalimu, mpe mkono wake heshima, itikia amina kwenye dua kwa moyo wako wote, maana dua utaihitaji. Lakini najua desturi yao, bado watakuomba. Pengine shangazi yako ndiye atakayeanza. Nadhani watakwambia baba yako amechanganyikiwa na jua la Kilwa. Ikifika hapo nitupie mimi. Sema, baba yangu amekataa. Mimi wameshanizoea.

Na kama moyoni mwako unataka kweli kuwajengea msikiti ule, si kwa sababu yangu wala ya Mzee wala ya bibi yako, sitakuzuia. Twaha angefurahi, mimi pia. Ila usilisemee pale. Soma kwanza. Ujue zege ni nini, ujue na wewe ni nani ukiwa mbali na sisi. Halafu kama bado unalitaka, muahidi Mungu ukiwa peke yako, mlango umefungwa, ili siku ukilazimika kumwambia mtu mchanga wako una chumvi, uwe na Mmoja tu wa kumwogopa. Na wao uwaambie siku unayokuja na ramani, na mambo ya mchanga yaseme siku ileile, hata bibi mwenye miguu iliyovimba akikuita mbuzi.

Nassoro anapiga honi, anasema nikichelewa ataniachia barua yangu niipeleke kwa miguu.

Kesho asubuhi nitakuwa juu ya nguzo, simu iko mfuko wa shati. Ukisema ndiyo, najua Mzee Mfaume atanipigia mwenyewe kabla basi lako halijafika Lindi, ataniita ndugu yake, na nitaitwa nyumbani. Isipolia nitajua umesema hapana. Naomba mwanangu isilie. Nitakuwa na kazi nyingi, sitakaa nikiitazama.

Mungu akutangulie.

Baba yako,
Selemani